Kwa Nini Tarakilishi Kuukuu Hukawia, na Jinsi Diski Mpya Inavyoweza Kuiponya

Ikiwa uliwahi kuketi katika maabara yetu ya tarakilishi kabla ya muhula wa pili wa mwaka wa 2025, basi unaujua ugonjwa ninaotaka kuueleza. Unabonyeza kitufe, mashine inaguna. Alama ya Windows inatokea, vile vitone vinaanza kuzunguka, vinazunguka, vinazunguka. Mwalimu ameshaandika tarehe ubaoni, ameshaita majina, na jirani yako ameshamaliza kusimulia mechi nzima ya Jumapili. Wewe bado unatazama vitone. Na kipindi ni dakika 40 tu! Mimi mwenyewe nilipima kwa saa ya mkononi. Tarakilishi nambari 7, ile iliyo karibu na dirisha, ilichukua dakika 5 na sekunde 40 kabla ya kukubali kazi yoyote, kisha programu ya kuandikia ikala karibu dakika nzima kabla ya kufunguka.

Nambari 7 naitaja kwa sababu ndiyo tuliyopewa sisi Chama cha Kiswahili. Mimi nikiwa katibu, humo ndimo nilimopigia chapa makala ya jarida hili. Ndani yake mlikuwa pia na faili ya vitendawili ambavyo wanachama walikuwa wakivikusanya kwa nyanya na babu zao kila likizo tangu mwaka wa 2022. Vilikuwa vimefika 412. Hayo ya vitendawili tuyaweke kando kidogo, nitayarudia.

Mwanzoni mwa muhula huo habari zilienea kwamba tarakilishi zote 14 zingeuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Ati zimezeeka. Pesa za kununua mpya hazikuwapo, kwa hivyo wenzetu wa somo la Kompyuta, ambao katika KCSE wana karatasi ya vitendo pamoja na mradi, walikuwa hatarini kubaki na mashine tatu za ofisini za kupokezana kama ndoo za maji wakati wa ukame. Bahati nzuri siku hizo alikuja fundi kutengeneza mashine ya kuchapishia. Akawasha nambari 7, akatega sikio kwenye sanduku lake kama daktari, akacheka.

"Mwalimu," akamwambia mwalimu wetu wa Kompyuta, "hizi hazijafa. Hizi zinangoja."

Zinangoja nini? Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza.

Tarakilishi ina sehemu tatu ambazo ni lazima tuzitofautishe, maana wengi wetu tunazichanganya. Kuna prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri. Kuna kumbukumbu ya RAM, ambayo ni kama meza ya kufanyia kazi: unaweka juu yake vitabu unavyovitumia sasa hivi, na stima ikipotea meza inafagiliwa yote. Halafu kuna diski, ambayo ni kama maktaba: kila kitu kinakaa humo hata mashine ikizimwa. Prosesa haiwezi kufanya kazi na kitu kilicho maktabani mpaka kiletwe mezani. Sasa, prosesa za mashine zetu ni Core 2 Duo, aina ambayo kampuni ya Intel iliitoa mara ya kwanza mwaka wa 2006. Ni za zamani, sikatai. Lakini kwa kuandika insha na kupiga hesabu za majedwali zinatosha kabisa. Anayechelewesha kazi ni mtunza maktaba.

Diski ya kawaida, ile ya zamani, ni sahani za chuma au kioo zilizopakwa utando wa sumaku, nazo huzunguka bila kupumzika. Juu ya sahani kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Ikiwa nyumbani kwenu kuna gramafoni ya babu, ifikirie hiyo: santuri inazunguka, mkono unatafuta wimbo. Fikra hii si ya jana. Diski ya kwanza kuuzwa ilitolewa na IBM huko Marekani mwaka wa 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimita 61 hivi, na yote kwa jumla iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Diski za leo zimekuwa ndogo na zina nafasi kubwa ajabu, ila mwendo wake ungali ule ule wa sahani na mkono.

Tufanye hesabu kidogo, usikimbie. Diski za mashine zetu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 8 na ushei. Ukitaka kipande fulani cha data, kwa wastani utangoja nusu ya mzunguko, milisekunde 4. Kabla ya hapo mkono wenyewe lazima usogee hadi kwenye mstari unaofaa, na hiyo ni kama milisekunde 9 nyingine. Jumla 13. Utasema, "Milisekunde 13 ni nini bwana? Hata kope hazijapepesa!" Ni kweli. Lakini gawanya sekunde moja kwa 13 hizo uone: diski inaweza kuleta vipande 77 hivi kwa sekunde vikiwa vimetapakaa huku na huku. Na tarakilishi inapoamka haisomi faili moja kubwa kwa mfululizo, inaokota vijifaili vidogo vidogo kutoka kila pembe. Tuseme ni vipande 20,000. Kwa mwendo wa 77 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya dakika nne! Muda huo wote prosesa imekunja mikono. Fundi alikuwa sahihi.

Diski mpya huitwa SSD. Mwalimu wetu wa Kiswahili anapendelea diski mango, kwa sababu haina kitu kinachozunguka wala kusogea, nami nitatumia yote mawili. Ndani yake mna chipu tu. Kila chipu ina vijumba vidogo mno ambavyo hunasa chaji ya umeme na kuishikilia hata stima ikikatwa. Aliyebuni kumbukumbu ya namna hii ni Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika flashi unayoning'iniza shingoni na katika simu ya mzazi wako. Kwa kuwa hakuna mkono wa kungojewa, diski mango huleta kipande chochote kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vile vipande 20,000 ingevimaliza kwa sekunde 2. Ndiyo maana mashine ya zamani ikibadilishiwa diski huonekana kana kwamba imezaliwa upya, hali prosesa ni ile ile.

Shule ilikubali tujaribu kwa mashine moja kwanza. Tulinunua SSD ya gigabaiti 240 kwa shilingi 3,200. Kwa mashine 14 ingekuwa shilingi 44,800, na bwana mhasibu aliiandika hesabu hiyo kwa kalamu nyekundu akaiwekea alama ya kuuliza.

Wanaotaka kufanya hivyo nyumbani, angalieni sana aina mnayonunua. Dukani utaonyeshwa namna mbili. Moja ni kijisanduku bapa chenye upana wa sentimita 7, urefu wa sentimita 10 na unene wa milimita 7. Hiyo ndiyo inayoingia katika tarakilishi za zamani, na huunganishwa kwa njia iitwayo SATA. Nyingine ni nyembamba kama kipande cha chingamu na huitwa M.2. Hiyo ni nzuri ajabu, ila mashine kuukuu haina pa kuichomeka. Na ukiambiwa kuna diski ya terabaiti nzima kwa bei ya soda na chipsi, toka dukani. Kuna diski bandia ambazo huidanganya tarakilishi kwamba zina nafasi kubwa, kisha ukishajaza ile nafasi ndogo ya kweli, faili zako zinaandikwa hewani.

Msihadaike pia na nambari za mwendo zilizochapwa kwenye pakiti. Pakiti yetu ilisema megabaiti 500 kwa sekunde. Mazabodi zetu zina SATA ya kizazi cha pili, ambayo haipitishi zaidi ya megabaiti 300. Je, tulipunjwa? La hasha. Kama nilivyoeleza, ponea ya mashine hizi si mwendo wa mfululizo bali ni kuondoa kule kungoja, na kungoja kunaondoka hata kwenye SATA ya zamani.

Kazi ya mikono yenyewe ni nyepesi kuliko kubadilisha tairi la baiskeli. Zima mashine, ng'oa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa chochote ndani, maana mwili wa binadamu hubeba umeme tuli unaoweza kuua chipu bila wewe kuhisi lolote, hasa ukiwa umevaa sweta. Fungua skurubu. Utaona nyaya mbili zinazoingia katika diski: nyembamba ni ya data, yenye pini 7, na pana ni ya umeme, yenye pini 15. Zote zina umbo la herufi L, kwa hivyo haziingii kinyumenyume usipolazimisha. Zichomoe, zichomeke katika SSD, basi. Nafasi ya diski ya zamani ni pana kuliko SSD, na duka litataka kukuuzia kishikio. Sisi tuliibandika kwa gundi ya karatasi yenye pande mbili. Haina uzito wala haitikisiki, itaenda wapi?

Ugumu uko katika kuhamisha yaliyomo. Na hapa, mpenzi msomaji, nakiri kosa langu mbele ya shule nzima.

Nambari 2 ndiyo tuliyoianza, tukaiwekea Linux Mint upya kwenye ile SSD. Ikaamka kwa sekunde 38! Darasa zima lilipiga makofi na Mwalimu Mkuu akaitwa aje aone. Tulipotulia tukaichomoa, maana nilitaka sasa tuitumie katika nambari 7, huku nikihamisha kila kitu cha chama kama kilivyo. Nikazichomeka diski zote mbili, nikawasha programu ya kunakili diski nzima kutoka kwenye flashi. Programu hiyo haina picha, ni maandishi matupu. Inaziita diski sda na sdb, na inakuuliza ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea. Nikajibu. Ikakataa. Ikasema diski ya kupokea ni ndogo kuliko chanzo. Kumbe ya zamani ilikuwa ya gigabaiti 250 na mpya ni 240! Haidhuru kwamba vilivyomo havikuzidi 60. Programu za namna hii hutazama ukubwa wa diski, hazitazami kilichomo.

Jawabu lake ni kupunguza kwanza ukubwa wa sehemu iliyo katika diski ya zamani. Mimi sikulijua. Saa kumi na moja ilikuwa imekaribia na kengele ya michezo ilikuwa imeshalia. Nikafikiri pengine nimekosea mpangilio wa majina, nikageuza sda ikawa mahali pa sdb. Mara hii ikakubali bila taabu. Ikaniuliza, una hakika? Nikabonyeza y. Ikaniuliza tena. Nikabonyeza y.

Bila shaka ilikubali. Sasa ilikuwa inanakili kutoka diski ndogo kwenda kubwa. Iliichukua ile Linux tupu ya majaribio na kuiandika juu ya diski ya chama. Niliona mstari ukijaa, nikafurahi ati kazi inaenda mbio. Mashairi, ripoti za miaka mitatu, vitendawili 412, vyote vikafunikwa nikitazama. Makala ya jarida yalipona kwa sababu nusu yake nilikuwa nimeyatuma kwa mwalimu mlezi wa chama kwa baruapepe. Vitendawili hatukuwa na nakala yake popote.

Fundi alijaribu kuokoa. Kilichoandikwa juu ya kingine hakirudi, akasema, lakini vile ambavyo havijafunikwa huenda vikapatikana. Alipata picha kadhaa za sherehe na barua moja ya mwaka wa 2023. Nilipokwenda kumwambia mlezi wetu sikuwa na neno la kuanzia. Aliniangalia kwa muda, kisha akauliza, "Wale nyanya, wote wangali hai?" Nikasema si wote, Mwalimu. Akaniambia nianze na madaftari ya wanachama, yeye atawaandikia waliomaliza shule.

Kwa hivyo nakusihi: kabla ya bisibisi kugusa skurubu, nakili faili zako kwenye flashi au diski nyingine, uing'oe, uiweke mfukoni. Kisha soma ukubwa wa kila diski kwa sauti na umwombe mtu mwingine atazame pamoja nawe. Sisi sasa hufanya hivyo wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akibonyeza. Njia iliyo salama zaidi ni kuiondoa kabisa diski ya zamani, kuweka mfumo mpya kwenye SSD ikiwa peke yake, halafu baadaye kurudisha faili tu. Ukifuata njia hiyo, ingia kwanza katika mipangilio ya BIOS uone kama SATA imewekwa katika hali ya AHCI wala si IDE. Lakini kama Windows imeshawekwa chini ya IDE, usiibadilishe ovyo, huenda mashine ikagoma kuamka.

Suala la Windows lilizua mjadala. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa kuukuu kama zetu. Basi mashine nyingi tukaziwekea Linux Mint pamoja na LibreOffice, ambazo hazilipiwi. Tatu zimebaki na Windows kwa ajili ya watahiniwa waliozoea programu zake, nazo haziunganishwi na intaneti.

Nisije nikakudanganya kwamba SSD ni dawa ya kila maradhi. Video bado hukwama zikiwa nzito, kwa sababu hiyo ni kazi ya prosesa. Intaneti yetu ni kobe yule yule. Nambari 9, yenye RAM ya gigabaiti 2 peke yake, ilipata nafuu kidogo tu mpaka tulipoiongezea ifike 4. Nambari 11 haikuamka kabisa, mazabodi yake ilikuwa imeungua.

Isitoshe, diski mango ina desturi zake. Vijumba vyake huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa. Hata hivyo usiingiwe na hofu. Diski ya gigabaiti 240 kama zetu huweza kuahidiwa na mtengenezaji kuandikwa terabaiti 80. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, utaifikisha baada ya miaka 10 na zaidi. Usiipange upya kwa ile programu ya kukusanya vipande tuliyofundishwa zamani. Haina mkono wa kuokolea safari, unaichakaza bure. Pia diski ya zamani hulalamika kabla ya kufa, utaisikia ikigonga tik-tik-tik. Diski mango huweza kuzimika kimya asubuhi moja. Tena, ukifuta faili ndani yake, mfumo huiarifu kwamba nafasi ile haina kazi, nayo huisafisha yenyewe, kwa hiyo fundi wa kuokoa atapata kidogo kuliko alichopata kwangu. Na stima ikikatika inapoandika, kazi ya dakika ile inaweza kuharibika.

Bwana mhasibu alifuta ile alama ya kuuliza mwezi wa Julai. Mashine 13 zinafanya kazi, na iliyochelewa zaidi kuamka huchukua sekunde 52. Diski za zamani zilizokuwa nzima tumezitia katika kabati la maktaba, na kila Ijumaa wawili kati yetu hunakili humo kazi za wiki.

Vitendawili tumevipata 263. Vingine viliandikwa na wenzetu wa Kidato cha Pili na cha Tatu kutoka madaftarini, 31 vilitumwa kwa simu na mwanachama wa zamani, na baadhi tunavikumbuka jibu lakini swali limetupotea. Daftari liko juu ya meza ya nyuma maktabani. Ukija, andika jina la aliyekutegea kitendawili na mahali anapotoka.